Kabla ya mashine ya kuchomelea, nilinunua ngao ya uso

Siku tuliyofunga geti la nyumba yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, nilimshikia fundi nguzo nikiwa nimevaa miwani ya jua. Niliiona nyeusi ya kutosha. Saa tano usiku macho yakaanza kuuma kama yamejaa mchanga wa moto, machozi hayakatiki, hata taa ya chumbani siwezi kuitazama. Hospitali wakanieleza kwamba mwanga wa kuchomelea huunguza tabaka la juu la jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau alikuwa wapi.

Nilipoamua kujifunza kuchomelea mwenyewe, nitengeneze stendi za maua na kitanda cha wanangu, nilikuwa na laki tatu. Kitu cha kwanza kununua kikawa ngao ya uso. Ile ya kushika mkononi ni rahisi sana kwa bei na inakinga vizuri, ilimradi kioo chake kiwe na namba ya giza 10 au 11. Mimi nilichukua ya kuvaa kichwani inayojitia giza yenyewe, kwa sababu anayejifunza anahitaji mikono yote miwili na anahitaji kuona rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunganisha, inapogusa chuma. Glovu za ngozi ndefu nilizikuta mjini. Suruali ya jinzi na shati zito la pamba nilivipata mitumbani Sabasaba. Nguo za nailoni ziacheni kabisa, cheche ikitua zinayeyuka na kugandia mwilini.

Kwenye mashine ndipo nilipozunguka maduka mengi. Muuzaji mmoja akaniambia, "Dada, chukua hii ya 300, utachomea mpaka reli." Nikaigeuza nisome kibandiko cha nyuma. Namba kubwa iliyochorwa mbele ni ya kuvutia wateja. Ya kutafuta ni mashine inatoa ampea ngapi, yaani mkondo wa umeme kiasi gani, na kwa asilimia ngapi ya kila dakika kumi inaweza kuchomelea bila kupumzika. Niliyonunua ni inveta ndogo (mashine nyepesi ya kielektroniki), ampea 160 kwa asilimia 60, yaani ukiibana hadi mwisho inafanya kazi dakika sita na kupumzika nne. Kwa kazi zangu haifiki huko. Skwea paipu za kitanda ni nyembamba, natumia rodi za milimita 2.5 na ampea 60 hadi 80. Nikizidisha, paipu inatoboka; nikipunguza sana, rodi inanata. Mashine kubwa za transfoma mafundi wengi wanazipenda kwa uimara wake, ila ni nzito na zinavuta umeme mwingi kuliko nyumba yangu inavyoweza kubeba. Hata hii ndogo sikuichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Fundi umeme alinivutia laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, na waya wa kurefushia ni mnene, maana ule mwembamba unapata moto na kuifanya mashine ilegee.

Mashine ya waya inayotumia gesi sikuitaka. Upepo wa Dodoma mnaujua, unapeperusha gesi inayolinda mshono, nami nafanyia kazi uani. Upepo huohuo unanisaidia kuondoa moshi, lakini mwezi wa nane nyasi zote ni kavu, kwa hiyo nafagia kwanza na ndoo ya maji inakaa karibu.

Moshi nauogopa kuliko cheche. Bomba la maji lililopakwa zinki likichomelewa linatoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kushikwa usiku na homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Mafundi wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeshaingia kwenye mapafu. Mabomba hayo siyagusi. Nanunua chuma cheusi, kisichopakwa zinki.

Wakati wa kugonga ganda la mshono na kupiga grenda navaa miwani ya kinga isiyo na giza, kwa kuwa vipande vinaruka vikiwa bado vya moto. Upande wa jirani nimetundika turubai zito ili mwanga usiwafikie watoto wake.

Jumamosi naanza miguu ya kitanda. Binti yangu mkubwa ndiye atakayenishikia paipu, na wiki hii nimerudi dukani kumnunulia ngao yake, ile ya mkononi, kioo namba 11.