Nilivyoirudisha kazini Seabee ya mwaka 1947

Mwenye ndege alitaka tuanze na skrini za kisasa. Mimi nikaanza na tochi na bisibisi, nikaingia tumboni. Mimi ni fundi wa ndege hapa Minnesota, jimbo la Marekani lenye maziwa zaidi ya 10,000, na ninaamini kabisa kwamba ndege ya kutua majini huanza kufa chini, mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Ndege yenyewe ni Republic Seabee, inayotua majini na pia nchi kavu kwa magurudumu. Aliibuni Percival Spencer, ikaundwa na kampuni iliyokuwa imetoka kuunda ndege za kivita za P-47. Vita vilipokwisha walitarajia marubani waliorudi nyumbani wangenunua ndege za familia. Zikatoka 1,060 kati ya 1946 na 1947, biashara ikaishia hapo. Ina viti vinne, pangaboi liko nyuma ya injini linasukuma, na puani kuna mlango wa kutokea na kamba mkononi unapofika gatini. Kwa mtu mwenye nyumba kando ya ziwa, mlango huo peke yake unatosha kuipenda.

Nilipong'oa sakafu nikakuta ngamani, chini kabisa ya tumbo, unga mweupe umezunguka boliti za chuma. Hiyo ndiyo kutu ya alumini: ndege ilikaa miaka mingi kwenye maji ya chumvi, na chuma kikigusana na alumini kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unausugua kwa kidole, unakuta bati limebaki jembamba kama karatasi. Tulikata vipande vilivyooza, tukaweka mabati mapya, na kila ribiti tuliichovya kwenye gundi ya kuzuia maji kabla ya kuigonga. Halafu ukaja mtihani ninaoupenda: tukamwaga maji ndani ya tumbo, ndege ikiwa juu ya viegemeo, tukapita chini yake na chaki tukitia alama kila panapodondosha. Tukarudia mpaka sakafu ya karakana ikabaki kavu.

Injini ndiyo iliyokula pesa. Franklin ya asili ina nguvu farasi 215, inapozwa kwa feni, na vipuri vyake ni vya kuwinda. Tuliweka Lycoming GO-480 ya silinda 6, ambayo huanzia nguvu farasi 270 na ina gia za kupunguza mzunguko wa pangaboi. Nchini Marekani huruhusiwi kujifungia injini unayoitaka. Lazima ufuate mabadiliko ambayo FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, imeshayapitisha kwa aina hiyo ya ndege, kisha kazi yote iandikwe na ikaguliwe. Nawashauri wenye ndege wasome karatasi hizo kabla ya kununua injini.

Kwa kuwa injini iko nyuma ya abiria, kila kilo unayoongeza kule inavuta kitovu cha uzito nyuma. Kwa hiyo betri tuliisogeza mbele, nyaya za zamani zisizo na kazi zikatoka, na ndege ikapandishwa mizani upya. Tena injini iko juu sana: ukiongeza nguvu ya injini pua inashuka, ukipunguza inainuka. Injini yenye nguvu zaidi huizidisha tabia hiyo, kwa hiyo sikuiachia ndege mpaka mwenyewe amefanya mazoezi na mwalimu anayezijua ndege hizi.

Skrini tuliweka moja tu, pamoja na ADS-B, kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo, ambacho tangu 2020 ni lazima kwenye anga nyingi zenye msongamano. Kifaa ninachokithamini kuliko hivyo vyote ni kidogo: rubani akipunguza mwendo ili atue, sauti inamwambia magurudumu yako juu au chini, naye athibitishe anatua majini au nchi kavu. Ukigusa maji magurudumu yakiwa chini, ndege inapiga kichwa na kupinduka, na watu wamekufa hivyo. Nilimwambia mwenye ndege, “Kama pesa zinaisha, tutaacha skrini, hiki hatukiachi.” Akakubali.

Pampu ya mkono ya kuinulia magurudumu tuliiacha ilivyo, tukabadilisha mipira yake tu. Haina mota ya kuungua wala swichi ya kukwama, na inafanya kazi hata umeme ukikatika. Viti vipya bado vinashonwa. Kwa sasa anarukia vile vya zamani.