Siku moja na kina mama wa karakana yetu, Tanga

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua karakana ya mafunzo ya ushonaji hapa Ngamiani na tayari wawili wananisubiri barazani. Mmoja katokea soko la samaki la Deep Sea, kashanunua samaki na kumwachia binti yake awapare. Tunatia vyerehani mafuta, tunaanza.

Saa 2. Kola ya shati la shule. Januari shule zikifunguliwa, mwenye kuipatia kola hakosi kazi.

Saa 4. Chai na mihogo. Watoto wako kwenye mkeka pembeni. Tulikubaliana waje nao, kwa sababu mafunzo yanayomtaka mama amwache mtoto nyumbani yanamfaa mwenye msaidizi tu.

Saa 5. Hesabu. Kipindi hiki nakipenda kuliko kushona kwenyewe. Leo mama mmoja wa Makorora kaandika ubaoni: kitambaa 4,500, vifungo na uzi 800, shati anauza 7,000. "Faida 1,700," anasema kwa furaha. Namuuliza anashona mangapi kwa siku. Mawili. Na cherehani? Cha kukodi, 2,000 kwa siku. Anatoa, anabaki na 1,400. Halafu mwenzake anamuuliza kwa sauti ya chini, "Na marejesho ya kausha damu?" Yaani ule mkopo wa riba kali. Elfu tatu kila siku.

Darasa zima kimya. "Mwalimu, kumbe mimi namfanyia kazi mkopeshaji!"

Ndiyo, dada yangu. Na kushona unajua vizuri sana. Ndiyo maana siamini mafunzo ya ufundi yanayoishia kwenye cheti. Tukakaa na hesabu yake mpaka saa 7: kununua kitambaa kwa jora pamoja na wenzake, bei mpya, na kutokopa tena kulipia deni.

Saa 8. Binti aliyeacha shule kidato cha pili kwa ujauzito ananiuliza kama amechelewa. Hajachelewa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana kama yeye kurudi shuleni, na akitaka njia nyingine, kuna mtihani wa maarifa (QT) kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimemwandikia vya kwenda kuuliza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Saa 10. Kikundi kinaandika katiba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nawaambia hiyo nne ni haki yao, waiendee na makaratasi yaliyokamilika: usajili, akaunti ya benki, wazo la biashara.

Faini ya kuchelewa imepita upesi, 500. Kilichobishaniwa hadi magharibi ni hiki: mwanachama akijifungua, rejesho lake nani alipe? Wameandika kikundi kitambebea miezi mitatu. Kesho katiba tunampelekea afisa maendeleo ya jamii wa kata.