Sentensi ya Profesa Wunsch na majirani zake

Kazi inayonilipia kodi ya nyumba ni kuandika tafsiri zinazopita chini ya picha katika filamu na vipindi vya televisheni. Nimezoea kukaa na sentensi moja ya mtu nisiyemjua, nikiirudisha nyuma na kuisikiliza mara sita au saba hadi nijue amevuta pumzi wapi. Labda ndiyo sababu kisa cha Carl Wunsch hakijanitoka akilini, ingawa kilitokea mwaka 2007 na waliogombana walikuwa mbali na kwetu.

Wunsch alikuwa profesa wa sayansi ya bahari katika chuo cha MIT nchini Marekani. Tarehe 8 Machi 2007, Channel 4 ya Uingereza ilirusha filamu ya makala iliyoongozwa na Martin Durkin, The Great Global Warming Swindle, jina ambalo kwa Kiswahili chepesi ni “Utapeli Mkuu wa Joto la Dunia”. Filamu ilidai kwamba ongezeko la joto chanzo chake ni jua, na kwamba binadamu amesingiziwa. Wunsch alionekana ndani yake, katikati ya safu ya wataalamu waliokuwa wakiipinga kauli ya wanasayansi wengi. Siku chache baadaye alilalamika hadharani kwamba amepotoshwa: aliombwa mahojiano kwa maelezo kwamba kipindi kingejadili kwa mizani sawa mambo magumu ya sayansi ya tabianchi, naye akajikuta ndani ya kile alichokiona kuwa propaganda tupu.

Alichosema mbele ya kamera kilikuwa kweli. Bahari ni ghala kubwa la hewa ya ukaa, na maji yake ya juu yakipata joto huelekea kuirudisha hewa hiyo angani. Yeyote aliyewahi kufungua soda iliyoshinda juani ndani ya kreti ameiona fizikia hiyo kwa macho: soda baridi hufunguka kwa adabu, soda moto humrukia mfunguaji hadi kwenye kiwiko, kwa sababu gesi haikai ndani ya kimiminika chenye joto. Kwa maelezo yake mwenyewe, Wunsch alikuwa akitoa onyo, kwamba tukiipasha bahari moto itaachia ukaa zaidi, ukaa huo utaongeza joto, na joto litazidi kuichokoza bahari. Katika filamu, maneno yaleyale yaliwekwa jirani na hoja kwamba ukaa huwa unalifuata joto badala ya kulitangulia, na mtazamaji akaachiwa picha ya bahari inayotoa gesi kwa wingi kiasi kwamba moshi wa viwanda vyetu hauna uzito wowote. Lilikuwa ni onyo. Likageuka kuwa neno la kumtoa mtu wasiwasi.

Hapo ndipo watetezi walipoingia, kila upande na wake. Mwezi Aprili 2007 wataalamu 37 waliiandikia kampuni iliyotengeneza filamu, wakitaka makosa yarekebishwe kabla haijauzwa kwa DVD. Durkin akawajibu kwamba hilo ni jaribio la kumziba mdomo, na waliokuwa wakimuunga mkono wakaipokea hoja hiyo kwa mikono miwili, kana kwamba kuomba grafu isahihishwe ni sawa na kuomba mtu anyamazishwe. Kundi jingine liliandaa malalamiko ya kurasa 176 na kuyawasilisha Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, ambayo kwa jumla ilipokea malalamiko 265 kuhusu kipindi hicho kimoja. Mtafiti wa Denmark, Eigil Friis-Christensen, ambaye kazi yake juu ya jua ilikuwa nguzo ya filamu, naye alilalamika kwamba grafu moja ilionyesha mstari usiokatika mahali ambapo data zake zilikuwa na pengo la miaka mia moja hivi. Kwa hiyo hata aliyekuwa tegemeo la filamu hakujitambua ndani yake.

Uamuzi wa Ofcom ulitoka Julai 2008, na nilipousoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Juu ya usahihi, Ofcom haikukubali kwamba watazamaji walipotoshwa kwa kiwango cha kuwadhuru. Juu ya kutoegemea upande, ilisema kwamba kanuni hiyo haikuzibana sehemu za filamu zilizozungumzia chanzo cha joto, kwa kuwa suala hilo lilikuwa limekwisha kutatuliwa kisayansi kabla ya kipindi kurushwa, na jambo lililotatuliwa halihesabiwi tena kuwa mgogoro wa kisiasa unaodai pande mbili. Yaani kadiri jambo linavyokuwa wazi zaidi, ndivyo anayelipinga peke yake anavyoachiwa nafasi zaidi. Sijapata kuona kanuni ikijikwaa kwa heshima namna ile.

Walioshinda, ama kwa ukamilifu au kwa sehemu, ni wale waliolalamika kwa ajili ya maneno yao na jina lao wenyewe: Sir David King, mshauri mkuu wa sayansi wa serikali ya Uingereza wakati huo, aliyetajwa kwa cheo na kubebeshwa kauli ambayo hakuitoa hivyo, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, IPCC, ambalo halikupewa nafasi ya kutosha ya kujibu, na Wunsch. Kwa Wunsch, Ofcom ilikubali kwamba hakuelezwa sawasawa filamu ni ya namna gani, na kwamba kumketisha kati ya wapinzani bila kuonyesha msimamo wake halisi hakukuwa haki. Lakini kuhusu jinsi sentensi ya bahari ilivyohaririwa, haikumpa ushindi. Mimi naona Ofcom ilipima maneno kwa rula, na kwa rula maneno yalikuwa sawa. Kiti alichokalishwa ndicho kilichoonekana kuwa na kasoro, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo zito, kwa maana sentensi husomwa na majirani zake.

Sehemu iliyokutwa na kosa la kuegemea upande ilikuwa ile ya mwisho, inayohusu sera kwa nchi zinazoendelea, na hiyo ilikuja kwetu. Kamera iliingia katika zahanati moja nchini Kenya inayotumia umeme wa sola, ambako daktari anaweza kuwasha taa au jokofu la dawa, lakini si vyote viwili kwa pamoja. Mchumi Mkenya James Shikwati akasikika akieleza kwamba kuna watu wanaotaka kuiua ndoto ya Afrika. Sola haba ni kero ya kweli, na mtu wa kijijini hahitaji filamu kujulishwa kwamba jokofu lililozimika huharibu chanjo. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kusema mengine, kwa mfano kwamba zahanati yenye paneli chache tatizo lake la kwanza ni uchache wa paneli.

Katika matoleo ya baadaye ya filamu, Wunsch aliondolewa kabisa. Onyo lake halikurudishwa mahali pake. Liliondoka pamoja naye.

Miaka michache iliyopita niliwahi kuletewa kipande cha mvuvi mzee akizungumzia nyavu zenye macho madogo. “Zinatulisha,” alisema, na kipande kikaishia hapo, katika filamu iliyotaka kuonyesha kwamba wavuvi wanazitetea. Nilipokisikiliza kwa vifaa vya masikioni, baada ya neno hilo kulikuwa na pumzi, kisha silabi moja iliyokatwa nusu: “la”. Nikaomba mahojiano yote. Baada ya majuma mawili nikaletewa, na mzee alikuwa ameendelea: “lakini zinatumaliza.” Nikaandika tafsiri nzima, nikaambatanisha barua ya kuomba kipande kirefushwe kwa sekunde mbili. Filamu iliporushwa, tafsiri ilikuwa imerudishwa kwenye neno moja, na juu ya ile “la” walikuwa wameweka sauti ya mawimbi.