Bomba tupu kila jioni: ninavyomwagilia bustani wakati wa kipupwe Matamba

Kipupwe cha kwetu Matamba, wilayani Makete, kinakuja na mambo mawili kwa mpigo: mvua imekatika, na usiku maji yanaganda. Bustani inahitaji bomba kuliko wakati mwingine wowote, na bomba ndilo linaloumia. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu kuandaa mabomba ya bustani kwa baridi umetoka nchi kama Kanada, ambako udongo wenyewe huganda kwenda chini. Huko mavuno yakiisha wanafunga maji, wanayasukuma yaliyobaki kwa hewa ya kompresa, na hawafungui tena mpaka baridi ipite. Mimi nikifunga Juni, kabichi na njegere zangu haziioni Julai.

Nilichohitaji ni mfumo unaobaki mtupu kila jioni na kujaa kila asubuhi, bila kushika spana gizani.

Wenyewe ni mdogo. Tangi la lita 1,000 liko juu ya kichanja upande wa mlimani, linafuata kichujio, kisha bomba la PVC la inchi moja linaloteremka kando ya ua, halafu laini nyeusi za matone kwenye matuta. Sina pampu, maji yanashuka yenyewe.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakikosa nafasi hupasua kilichoyabana. Laini za matone hazinipi wasiwasi sana, zinanyumbuka na zina vitundu. Vinavyopasuka ni vigumu vinavyotuamisha maji: elbo (viungo vya kona), koki, bakuli la kichujio. Ndiyo maana kazi ya kwanza niliyofanya na fundi haikuwa kufunika chochote. Tulifunga maji ya tangi, tukafungua mwisho wa bomba, kisha tukalifuata hatua kwa hatua tukitafuta yalipobaki. Nyuma ya banda la kuku bomba lilikuwa limelegea na kushuka, na maji yalijaa hapo.

"Mama, hapa tusirudishie elbo," fundi akasema. "Tuweke tii, kiungo cha midomo mitatu, mdomo wa chini tuufunge koki. Jioni unafungua tu, yanatoka yote."

Tulifanya hivyo, na kipande kilicholegea tukakiinua kwa mawe. Hata hivyo maji yalitoka kwa kusuasua, kama mrija uliozibwa kidole kwa juu. Hewa haikuwa na pa kuingilia. Tukaongeza koki ndogo ya juu, mara tu baada ya kichujio, na tangu hapo nikifungua zote mbili bomba linakauka upesi. Nikichagua kitu kimoja cha kumwambia mwenye bustani huku milimani, ni hiyo koki ya hewa. Watu wengi wanaweka ya chini tu.

Koki za kugeuza kwa mkono zina siri yake: ukiifunga kabisa, maji kidogo yanabaki ndani ya ile gololi yenye tundu, na yakiganda yanaipasua koki yenyewe. Kwenye bomba lililokwisha kumwagwa naziacha nusu wazi. Ya tangi haiwezekani, lazima ifungwe, kwa hiyo hiyo nimeizungushia sponji na kipande cha blanketi, juu yake kiroba cha plastiki kilichofungwa kamba. Kiroba ni cha lazima, maana blanketi likilowa halisaidii kitu. Tangi lenyewe sihangaiki nalo. Maji mengi namna ile hayagandi yote kwa usiku mmoja.

Saa kumi na moja jioni nafunga tangi, nafungua koki ya hewa na ya chini, natoa vifuniko vya mwisho wa laini. Bakuli la kichujio linafunguka kwa mkono, nalisuuza na kuliingiza jikoni. Maji yanayotoka nayakinga kwa ndoo, yanawafaa kuku.

Asubuhi sina haraka. Nasubiri jua lipige bomba, kwa kawaida saa tatu kupita, ndipo nafungua taratibu. Ikitokea mahali pameganda, kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kinatosha. Maji yanayochemka juu ya PVC ni kutafuta ufa mwingine.

Namwagilia kuanzia saa nne na kumaliza mapema mchana. Udongo wenye unyevu hutunza joto la jua vizuri kuliko mkavu, na usiku huliachia polepole chini ya mimea. Usiku wa kuogopa ni ule wa anga safi na upepo umetulia: mawingu hayapo kuzuia joto lisipotee, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka kutoka uwanda wa juu wa Kitulo na kutuama bondeni. Jirani zangu humwaga bomba usiku kama huo tu. Mimi namwaga kila siku, kwa sababu mawingu ya saa mbili yanaweza kuwa yameondoka saa nane. Kwenye kona ya chini ya bustani, ambako baridi hujikusanya, viazi nimeacha kabisa kupanda kipindi hiki.

Bomba linaloleta maji kwenye tangi lilifukiwa futi moja chini na halijawahi kuganda; baridi yetu inaishia juu ya udongo. Kilichobaki ni kile kipande kinachopanda kutoka ardhini hadi kwenye kichanja. Nimekivisha sponji na kiroba kama koki ya tangi, na nakikagua kila wiki, kwani panya wanaipenda sana hiyo sponji.