Pete ya metali ya njano

Jumamosi moja mchana, katika duka la rehani nililofanyia kazi Memphis, Tennessee, mama mmoja alifungua kisanduku akatoa pete ya marehemu mama yake. Hakutaka kuiuza, alitaka kuiweka bondi. Ndani ilikuwa na muhuri: 14K.

Tulianza na sumaku. Haikushika, lakini hilo peke yake si kitu, maana hata shaba haishikwi na sumaku. Mizani ikasoma gramu 6.2. Dhahabu ya karati 14 ina asilimia 58.5 ya dhahabu safi, kwa hiyo mkopo ungepigiwa hesabu ya gramu 3.6, si uzito wote. Nikaisugua kwenye jiwe jeusi, nikadondoshea mstari ule asidi ya kupimia karati 14. Haukufutika, ishara ya dhahabu. Nikashika kalamu.

Mzee mwenye duka akanizuia. Kusugua kidogo hugusa ngozi ya pete tu. Akamwomba mama ruhusa kwanza, kwa sababu alama ya tupa haifutiki, kisha akakata mfuo mwembamba upande wa ndani na kutia tone la asidi ya naitriki. Likachemka povu la kijani. Chini kulikuwa na shaba. Kwa lenzi tukaona pete iliwahi kukatwa ipunguzwe, na kiungo kilipita palepale penye herufi GF, zinazoonyesha kwamba dhahabu imebandikwa juu ya metali nyingine. Muhuri ukabaki nusu.

Kisandukuni mlikuwa na stakabadhi ya zamani, ya duka la Beale Street. Enzi hizo maduka ya rehani yalipangana mtaani pale, na wanamuziki waliweka bondi magitaa na tarumbeta zao. Beale ilitangazwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1966, lakini ubomoaji wa miaka ya 1970 ukafagia majengo mengi kuizunguka. Duka la A. Schwab, la tangu 1876, lilisalia. Maduka mengi ya rehani hayakuwa na bahati hiyo.

Karatasi ilikuwa imelainika kama kitambaa. Mbele ya neno pete, karani aliandika: metali ya njano. Hakuandika dhahabu. Hadi leo ndivyo inavyoandikwa, ili duka lisidaiwe kitu ambacho halikupokea.

Mama akaisoma mara mbili. Akavaa pete, akaikunja stakabadhi kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kisandukuni.