Sabuni 36 na mjusi wa Tendaguru: siku yangu moja Lindi

Saa 11 kasoro robo alfajiri. Joto ndilo linaloniamsha; adhana inanikuta nimeshakaa ukingoni mwa kitanda. Lindi mjini mwezi Desemba hewa ni nzito, kanga uliyoianika jana jioni asubuhi bado ina ubichi. Kwa wengine ni kero tu. Kwangu mimi ninayeuza sabuni za gliserini ni habari ya kazi, maana yake leo zitatoka jasho. Na leo nina sabuni 36 za mahafali ya chekechea, za kukabidhi kesho saa 2 asubuhi.

Uji, maji ya kuoga, kufagia uwanja. Hapo hapana cha kusimulia.

Saa 1 asubuhi. Bodaboda ananipeleka stendi kuchukua boksi langu kutoka Dar es Salaam. Ndani kuna kilo mbili za besi ya sabuni, kipande kimoja cheupe na kingine angavu kama kioo. Nadhani boksi lilisafiri karibu na injini, kwa sababu kipande kile angavu kimelainika na kuchukua umbo la kona ya boksi. Konda ananitazama akisubiri nigombe. Sigombi. Nitakwenda kukiyeyusha mwenyewe, injini imenianzia tu.

Saa 2. Nyumbani wasaidizi wamejipanga barazani. Wangu ni watatu: binti wa miaka 11, kaka yake wa miaka 8, na kitindamimba ambaye hajatimiza mitano. Wameongezeka wawili wa jirani, nani kawaambia sijui. Shule zimefungwa, na habari za sabuni za rangi hazikai ndani ya nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mikono!"

Wanaonyesha. Ya kijana wangu ina madoa ya mabibo mpaka kwenye kiwiko, na wanaokaa huku kusini wanajua kuwa maji ya bibo hayana sabuni. Namruhusu hivyo hivyo.

Niseme kwa nini wapo, maana wapo watu hushangaa nikisema natengeneza sabuni na watoto. Miaka ile nilipoanza nilikuwa natumia kostiki na mafuta ya nazi. Kostiki inaunguza ngozi, inaharibu macho, ukiitia kwenye maji inachemka yenyewe na kutoa mvuke unaokaba koo. Siku hizo watoto walikuwa wanapelekwa kwa bibi yao, mlango unafungwa, na sabuni ikishatoka unaiacha wiki nne hadi sita ndipo uiuze. Besi hii kazi hiyo imeshafanyiwa kiwandani. Mafuta na kostiki vimeshamalizana na kuwa sabuni, ikaongezwa gliserini na vitu vingine vya kuifanya iyeyuke kwenye moto na kuganda tena. Sisi tunayeyusha, tunatia rangi, tunamimina. Kilichobaki cha hatari ni moto na spiriti, na hivyo viwili ni vyangu peke yangu. Sheria ni hiyo moja na wanaijua kama wimbo.

Mama mkwe wangu amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Kachukua kipande kile angavu, kakiinua kwenye mwanga, kakirudisha.

"Mwanangu, sabuni gani hii unaona mpaka upande wa pili? Sabuni ni mche."

Saa 3. Kukata. Binti anakata besi vipande vya ukubwa wa kiberiti, wa jirani wanapima kwenye mizani ya jikoni. Nimewapa hesabu: sabuni 36, kila moja gramu 50, ni gramu ngapi? Wamegombana kidogo wakafika 1,800. Kwa hiyo katika kilo zetu mbili kuna gramu 200 za ziada, na namwambia kila mtu asizichezee. Harufu ni ya mchaichai, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sabuni. Kwa ngozi za watoto sipiti asilimia moja, yaani gramu 18 kwa kazi yote. Binti anaona ni kidogo mno. Kila mara anaona ni kidogo mno.

Sufuria kubwa yenye maji inakaa kwenye jiko la gesi, bakuli la chuma lenye besi linaelea juu yake. Moto mdogo. Besi ikipita nyuzi 70 inaanza kupoteza maji yake, inakuwa nzito, ikiganda inakuwa kama mpira wenye ukungu. Ikichemka ndiyo basi. Mimi huitoa ikifika 60 na vipande viwili vitatu bado vinaelea. Koroga taratibu, vitaisha vyenyewe. Ukikoroga kwa nguvu unaingiza povu, halafu unakaa nusu saa unalipuliza.

Saa 4. Rangi. Hapa ndipo siku yangu yote inapokaa, na hapa ndipo watoto wanapojua kuliko mimi.

Nusu ya mzigo ni ya tabaka tatu, na inatoka kwenye besi nyeupe. Binti alitaka nyekundu, bluu na njano. Akatia maika nyekundu, ule unga wa rangi unaometameta, akakoroga, ikatoka pinki. Akaongeza. Pinki iliyokolea. Akaniangalia kama nimemuuzia rangi feki. Nikamweleza kuwa besi nyeupe ina ungaunga mweupe ndani yake, ule ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta, kwa hiyo kila utakachotia kitapauka. Rangi kali inatoka kwenye besi angavu tu. Akafikiri. "Basi iwe ya mawingu," akasema, na bluu akaitia kidogo kabisa kwa ncha ya kijiti cha aiskrimu. Njano akaifanya ya bizari ya manjano. Tuliivuruga kwanza kwenye kijiko cha gliserini, maana ukiitupa kavu inafanya madonge. Ndani ya sabuni bizari huwa inaelekea kwenye chungwa, ikakaa vizuri pembeni ya ile pinki.

Kabla hamjaniuliza, rangi ya chakula tumeshaijaribu. Siku ya kwanza inapendeza. Baada ya siku chache nyekundu imeshavuka mpaka imeingia kwenye nyeupe, na ukiiweka dirishani inafifia. Choya nayo tulijaribu mwaka jana, tukitegemea wekundu ule wa juisi. Tukapata kijivu cha maji ya kuoshea vyombo.

Vikopo vya mtindi 18 vimepangwa kwenye sinia. Tabaka la kwanza linamiminwa na binti kwa jagi dogo. Jiko nimelizima, ndipo napulizia spiriti juu kuua mapovu. Spiriti karibu na moto wa gesi ni kuomba msiba.

Saa 5. Mijusi. Nusu ya pili ni sabuni angavu, na ndani ya kila moja kuna mnyama mdogo wa plastiki. Mtoto ananawa, ananawa, mpaka siku moja mnyama anatoka. Sijawahi kuona mbinu bora ya kumfanya mtoto aone maji ni rafiki. Ni za watoto wa miaka mitano sita. Mwenye mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni huwa namwambia achukue ile ya tabaka.

Paketi ina wanyama wa aina nyingi lakini wote wanataka yule mwenye shingo ndefu. Tumebahatika, wapo wa kutosha. Mtoto wa jirani kauliza ni twiga gani huyu asiye na pembe.

"Siyo twiga. Ni mjusi wa Tendaguru," kijana wangu kamjibu, kwa sauti ya mwenye mali.

Ana haki. Tendaguru ipo mkoani kwetu, kaskazini magharibi ya mji huu. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa hiyo, zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa njiani, mpaka bandari hii ya Lindi ikapakiwa melini. Yule mkubwa kuliko wote amesimama makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu mita 13 na zaidi. Nawaambia pia kuhusu Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina linalomtaja: Australodocus bohetii.

"Kwa hiyo mjusi wetu yuko Ujerumani?"

"Yuko."

"Nani alimruhusu?"

Bibi kacheka mpaka mchele ukamwagika. Swali hilo sikulijibu, kulikuwa na besi inasubiri.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unamimina nusu ya moldi, yaani chombo cha umbo, unangoja ifanye ngozi juu kama ya maziwa, unamlaza mjusi, unapulizia spiriti, ndipo unamimina nusu ya pili ikiwa imepoa mpaka kama nyuzi 50. Ukimimina ya moto, ile ya chini inayeyuka na mjusi anazama mpaka sakafuni. Kitindamimba ndiye mlazaji mkuu. Vidole vyake vinatosha kwenye moldi, vyangu havitoshi. Kila mjusi anaambiwa "lala" kabla ya kulazwa. Mijusi 18, "lala" 18.

Saa 7. Wali, kibua wa kukaanga, embe. Umeme unakatika tukiwa kwenye embe.

Saa 8 na nusu. Nimejinyoosha dakika chache nikasikia ukimya. Mwenye watoto anajua ukimya wa mchana una maana gani. Kijana wangu kaona moldi zinachelewa kuganda kwa joto, kazisukuma kwenye friji, zote tatu, na friji bado lilikuwa na ubaridi. Nia yake njema. Zimeganda ndiyo, zimetoka kwenye moldi bila kubembelezwa, mijusi inaonekana mpaka macho. Dakika tano baadaye kila sabuni ilikuwa imelowa kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye barafu.

Gliserini inavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana ngozi inaipenda. Ukiichukua ya baridi ukaiweka kwenye hewa yetu ya Desemba, inavuta mara mbili. Feni hakuna, umeme haujarudi. Nikampa kijana kipepeo cha ukili nikamwambia apepee mpaka mijusi ikauke. Akapepea robo tatu ya saa bila kulalamika, akibadilisha mkono. Mimi nikafuta moja moja kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo, na kila iliyokauka ikafungwa papo hapo kwenye nailoni laini ya kufunikia chakula, imebana, bila nafasi ya hewa. Lindi sabuni hii haiachwi wazi hata usiku mmoja.

Saa 10. Za tabaka. Kumi na nne safi: pinki chini, mawingu katikati, bizari juu. Nne zimeachana kama biskuti. Kosa ni langu, tabaka la pili liliganda kabisa wakati nikigombana na friji, nikamimina la tatu bila kupulizia. Bila spiriti tabaka hazishikani, zinalala tu moja juu ya nyingine kama wageni.

Raha ya besi hii ni kwamba inarudi motoni. Lakini pinki, bluu na njano ukiziyeyusha pamoja unapata rangi ya tope la Mto Lukuledi. Tope sitapeleka kwenye mahafali. Zile gramu 200 za ziada, nyeupe 100 na angavu 100, kwa kukwangua mpaka kuta za bakuli, zikatoa nne mpya za pinki moja tupu. Zile nne zilizoachana nikaziyeyusha pamoja, tope lake nikalimimina kwenye boksi la maziwa lililokatwa, ili tu nisilitupe.

Saa 11 na nusu jioni. Kufunga. Karatasi za rangi, ukili mwembamba badala ya utepe. Binti anaandika majina kutoka kwenye orodha ya mwalimu. Umeme umerudi, feni inapeperusha majina, inazimwa tena. Watoto wa jirani wameitwa kwao, kila mmoja kaondoka na vipande vya kingo na mikono inayonukia mchaichai.

Saa 2 usiku. Zimehesabiwa mara mbili: 36. Kitindamimba kalala na mjusi mmoja wa akiba mkononi, yule wa plastiki, hakukubali kumwacha nje ya sabuni peke yake.

Natafuta lile boksi la maziwa silioni. Nauliza. Bibi anatoka uani kwenye kuoga, kanga kifuani, kapendeza, anang'aa.

"Hii ya kahawia," anasema, "hii ndiyo sabuni. Kesho nitengenezee nyingine."