Kitabu cha Malaysia kinachoijua Dodoma

Msimu wa kubaindi ukifika, hapa kwenye stesheneri yangu Ng'ong'ona, Dodoma, tasnifu nazisoma kuanzia nyuma. Marejeleo ndiyo yanayovurugika zaidi kwenye printa: mistari inaruka, majina yanakatika katikati, na nikishabana kava gumu bila kukagua, hasara ni yangu. Kwa hiyo nayajua majina ya wanazuoni hata kabla sijajua walisema nini. Na katika sayansi ya jamii hakuna linalonipitia mkononi kama Scott, J. C. Wa sosholojia anaye, wa maendeleo anaye, wa mipango miji anaye. Hata wa utalii nimemkuta naye, sijui wanakutania wapi.

Digrii yangu ya sosholojia iko kabatini na sijutii, stesheneri inalipa ada za watoto. Ila jina likijirudia hivyo mtu unataka kumjua mwenyewe. Nikamsoma.

James C. Scott alikuwa Mmarekani, msomi wa siasa aliyeishia kufanya kazi kama mwanaanthropolojia. Alifundisha Chuo Kikuu cha Yale miongo mingi, huku akifuga kondoo kwenye shamba lake Connecticut, na alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 87. Kitabu chake kinachotajwa sana huku kwetu ni Seeing Like a State cha mwaka 1998. Sababu haijifichi: sura ya saba inahusu vijiji vya ujamaa, na nani anasoma Dodoma asiandike juu ya ujamaa?

Hoja ya kitabu inaeleweka. Serikali ikiwa juu haioni vizuri, kwa hiyo inawapanga watu ili iwaone. Inatoa majina ya ukoo, inapima viwanja, inanyoosha barabara, inahesabu vichwa. Anaanzia na misitu ya Wajerumani, ya Prussia na Saxony, ambako miti ya kila aina iling'olewa ikapandwa ya aina moja kwa mistari ili iwe rahisi kuihesabu. Kizazi cha kwanza kilistawi, kilichofuata kikadhoofu, kwa sababu vichaka na wadudu walioonekana uchafu ndio waliokuwa wakiulisha udongo. Kutoka hapo anakwenda Brasília, mji mkuu wa Brazil uliochorwa wote mezani kabla ya kujengwa, anakwenda kwenye mashamba ya pamoja ya Wasovieti, halafu anatua kwetu. Anasema kati ya 1973 na 1976 walihamishiwa kwenye vijiji hivyo Watanzania wasiopungua milioni 5.

Wanafunzi wengi wanairuka sehemu ya mwanzo ya sura hiyo, na mimi ndiyo niliyoipenda. Kabla ya ujamaa anaongelea karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, na kambi yao ya kwanza ilikuwa Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa unalainika, jua likiwaka unakuwa saruji, na karanga inazaa chini ya udongo, sasa utaing'oaje? Mvua nazo zikawa zile zetu za siku zote, za kubahatisha. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na mamilioni ya pauni yameliwa. Mgogo yeyote, mwenyeji wa huku, angewaambia bure. Mvulana mmoja alileta kazi kuhusu sera za kilimo, yeye mwenyewe wa Kongwa, na hiyo karanga haikuwemo hata kwa sentensi moja. Usasa wa kupindukia, jina analolipa Scott lile pupa la serikali kupanga maisha ya watu kwa rula, ulikuwemo kurasa nne.

Hapo ndipo ugomvi wangu na huyu Scott wa 1998 unapoanzia, au tuseme na wanaomtumia. Ile sura hakuiandika baada ya kukaa kijijini Tanzania. Aliiandika kutokana na kazi za waliotangulia, kina Göran Hydén na Andrew Coulson. Si dhambi, kitabu chenyewe kinazunguka dunia nzima. Lakini mwanafunzi wa hapa, mwenye bibi aliyehamishwa, anaacha kumuuliza bibi na kumnukuu profesa wa Yale aliyewanukuu wengine. Wapo waliomkosoa vizuri. Leander Schneider mwaka 2007 alihoji kama maelezo yake yanatosha kweli kueleza kilichotokea Tanzania. Schneider simwoni kwenye marejeleo.

Baba mkwe wangu yuko upande wa Bahi. Huku kwetu Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya ile amri ya Novemba 1973 ya nchi nzima kuhamia vijijini, kwa hiyo yeye alihama mapema, akiwa kijana aliyeoa juzi. Nilipomfuata nilimwambia "Mbukwa, baba," nikakaa, nikasubiri amalize mambo ya ng'ombe na mvua maana hayarukwi, ndipo nikamuuliza ya operesheni.

Alisema waliambiwa wajenge kandokando ya barabara, kwa mstari. Tembe lao la zamani lilikuwa mbali, karibu na malisho. Wakajenga. Bwana mifugo akaja na daftari, akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akamtajia wale waliokuwa mbele ya macho yake. Wengine walikuwa kule kule walikotoka, na binamu yake, ambaye kwenye karatasi alikuwa amehama naye.

Siku za shamba la kijiji, kuna waliougua mgongo kila wiki. Kuna waliofika, wakalima taratibu mpaka kiongozi apande baiskeli aondoke, kisha wakakaa kivulini kwenye mbuyu. Wanawake walikuja na watoto wachanga wote kwa pamoja, na mtoto akilia lazima anyonye, nani atabisha? Mawingu yakianza kukusanyika, baba alitoka usiku kwenda shamba la zamani, akaberega: anachoma mabaki, anatupia uwele kwenye ardhi ambayo hajaitifua, anarudi kabla hakujapambazuka. Kuberega ilikuwa inapigwa vita na mabwana shamba. Lakini uwele huo ndio waliokula mwaka ule.

Nikamuuliza kama alichukia. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Shule ilikuja, akasema, na dada wa mume wako amesoma pale. Kisima kilikuja, pampu ikafa, ikatengenezwa, ikafa. "Tulihama," akasema, "ila hatukuhama wote."

Nilirudi Ng'ong'ona nikafungua kitabu kingine cha Scott, cha 1985, Weapons of the Weak, na nilikuwa nikimsikia baba mkwe humo ndani. Hiki alikiandika baada ya kukaa kijijini Kedah, Malaysia, kati ya 1978 na 1980. Kijiji kakiita Sedaka, jina la kubuni ili kuwalinda watu. Skimu ya umwagiliaji ya Muda imewawezesha kuvuna mpunga mara mbili kwa mwaka, halafu zimekuja mashine za kuvunia, na maskini waliokuwa wakiishi kwa vibarua vya kuvuna wamekosa kazi. Hakuna anayeandamana. Wanateta. Wanalima kinyongenyonge. Gunia linapotea gizani. Vikundi vya wanawake wapandaji vinachelewa kufika kwa mwenye shamba aliyeleta mashine, na hakuna anayetamka kwamba wamegoma. Yupo tajiri bahili anayeitwa Haji Broom, yupo fukara anayeitwa Razak, mdokozi na mwombaji, na kila tabaka linamsimulia mmoja wao ili kujitetea. Scott amewasikiliza wote, hata matajiri, mpaka unaanza kujua nani atasema nini akikutana na nani njiani.

Kazi hiyo ndiyo iliyowafundisha wasomi wa dunia nzima kutazama upinzani mdogo mdogo wa kila siku na kuacha kusubiri mapinduzi. Mwaka 1990 akaendeleza hoja hiyo katika Domination and the Arts of Resistance, kinachofungua kwa methali ya Waethiopia: bwana mkubwa akipita, mkulima mwenye hekima huinama mpaka chini, na hujamba kimyakimya. Nilimsomea mume wangu. Akasema huyo ni baba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimeshabishana nao kaunta: sura iliyoandikwa kuhusu sisi inatueleza kidogo, na kitabu kilichoandikwa kuhusu Wamalay kinatueleza sana. Ya 1998 inakuonyesha jinsi ofisi ilivyokiona kijiji. Baba mkwe na ng'ombe wake nusu yupo kwenye kile cha 1985.

Lakini wanafunzi wanataka cha 1998 kwa sababu kinabandikika popote. Wamachinga wamepelekwa soko la Bahi Road: Scott 1998. Mji wa Serikali Mtumba: Scott 1998, pamoja na Brasília. Nilimuuliza mmoja kama ameuona mpango wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, kwa ajili ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Hakuwa ameuona. Mpango ule ulitaka majengo ya chini, watu watembee kwa miguu na kupanda basi, na mji ufuate vilima vyake. Brasília gani hiyo? Kilichofuata mpaka CDA ikavunjwa 2017 ni hadithi nyingine, yenye mambo yake ya viwanja, na inahitaji mtu wa kuzunguka mtaa kwa mtaa kuuliza.

Na nikiwa bado na hasira zangu: Mathias Mnyampala, Mgogo, mshairi, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954, kwa Kiswahili. Gregory Maddox akaitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka 1995. Wachache wanaomtaja kwenye tasnifu ninazobaindi wanataja ya Maddox. Mgogo anamsoma Mgogo kupitia Marekani, na msimamizi anaweka tiki.

Wiki iliyopita alikuja binti wa Manyoni na flashi yake, andiko la utafiti kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo na wanunuzi wanaopima sukari kabla ya kutaja bei. Scott 1998 alikuwepo ukurasa wa pili. Nikamuuliza, hivi hao wakulima bei isipowaridhisha wanafanyaje? Akacheka, akaanza kunihadithia, na wateja wakapanga foleni nyuma yake. Hakuna hata kimoja kati ya alivyonisimulia kilichokuwemo kwenye andiko. Ameondoka anaandika upya na kitabu cha 1985 kwenye mkoba. Msimamizi wake akikataa, arudi tupange marejeleo upya, hiyo simtozi.